Ludigeri Amrithi Ludigeri

Nchi yenyewe iko mbali, mbali kabisa, kwa hiyo msianze kutazamana. Ni kule kwenye baridi, ambako mito huganda mpaka watu wakapita juu yake na mikokoteni, na watu huitwa Ludigeri na Notburga bila kuona haya. Kwetu hakuna mito ya namna hiyo. Basi yatakayosemwa hapa hayatuhusu, na atakayehisi yanamhusu, shauri yake.

Huko kulikuwa na jimbo kongwe la Kikatoliki, lenye kanisa kuu la mawe meusi juu ya kilima, na maaskofu arobaini na mmoja waliopokezana kiti kwa miaka mia nane. Walikuwamo watakatifu, walikuwamo walevi, na mmoja alikwenda vitani na kofia ya kiaskofu kichwani akarudishwa bila kofia na bila kichwa. Lakini wote walizikwa kwa mila moja: askofu hazikwi ila na mrithi wake. Mrithi humvua marehemu pete, akaivaa mwenyewe, kisha akatupa udongo wa kwanza kwa mkono wake. Mpaka apatikane, maiti husubiri katika chumba cha barafu chini ya nyumba ya askofu, pale wanapohifadhi samaki wa Kwaresima. Zamani kusubiri kulikuwa siku tisa, zikizidi sana kumi na mbili.

Askofu wa arobaini na moja, Ludigeri, alikufa kwa kikohozi akiwa na miaka sabini na minane. Alifia mikononi mwa dada yake, Bi Notburga, aliyemzidi miaka mitatu. Mama yao alikufa mapema, kwa hiyo Notburga ndiye aliyembeba mgongoni, ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, na kaka mtu alipopata uaskofu akahamia kwake kumpikia. Siku ya mwisho mzee alikataa supu, akamshika mkono.

"Dada, usiniache kwenye barafu. Unajua mimi baridi siiwezi."

Bi Notburga akamwahidi. Alikuwa akipiga hesabu ya siku tisa, maskini.

Hakujua kwamba mambo yamebadilika. Nchi sasa ilikuwa na Mlezi Mkuu, aliyerithi ulezi kutoka kwa baba yake alasiri moja, bila karatasi hata moja, kwa sababu mlezi hachaguliwi. Mtoto gani alikwisha kumchagua mlezi wake? Mlezi Mkuu alikuwa mpenzi wa dini. Kwa mapenzi hayo alitia saini mkataba na Kanisa: Roma italeta majina matatu, makanoni saba, yaani wale mapadre wazee wa kanisa kuu, watachagua moja, na Serikali haitaingilia hata kidogo. Itatoa tu Hati ya Kutokuwa na Kinyongo. Asiye na hati haapi, asiyeapa hakai kitini, na kiti kikiwa kitupu hazikwi mtu.

Tena Ludigeri alikuwa ameacha swali. Katika mahubiri yake ya mwisho aliuliza wachimba mawe kumi na tisa wa Machimbo ya Juu, waliogoma wakachukuliwa na malori, wamekwenda wapi. Serikali ilijibu kwa upole kwamba wako likizo. Akauliza wanarudi lini. Hapo kikohozi kikamkata kauli, na Wizara ya Ibada na Utulivu ikatuma shada la maua kubwa kuliko yote.

Majina matatu yakaja. La kwanza lilikuwa la Padre Odilo. Uchunguzi ukaonyesha kwamba akiwa na umri wa miezi minane alilia msafara wa baba yake Mlezi Mkuu ulipokuwa unapita. Mama yake akaeleza kwamba mtoto alikuwa anaota jino. Wizara ikataka kujua kwa nini jino lichague siku ile na si nyingine. Kinyongo kikathibitishwa.

Wa pili, Padre Gebhadi, alipewa hati bila shida. Aliletewa nyumbani na mabwana wawili waliobeba kikapu cha matunda, wakakaa naye dakika ishirini. Walipoondoka Padre Gebhadi aliandika barua kwamba ana ugonjwa wa moyo na kwamba ameugundua leo.

Akabaki wa tatu, Padre Kiliani, paroko wa Machimbo ya Juu, mwanamume wa miaka arobaini, mwenye mabega ya mchimba mawe. Faili lake lilikutwa tupu. Wizara ilishtuka sana, maana mtu kufikia miaka arobaini bila faili si bure, ni mtu aliyejitahidi. Akaitwa kwa mahojiano mafupi, Alhamisi saa nne asubuhi, aje na kitambulisho. Asubuhi hiyo alipita jikoni kwa Bi Notburga, akala viazi viwili kwa chumvi huku amesimama, akamwambia: "Nikirudi tu, bibi, kazi yangu ya kwanza ni kumzika mzee." Bi Notburga alimfuata mpaka mlangoni akimsihi afunge shingo, nje kuna upepo. Akaenda, na mahojiano yakaanza.

Yakaendelea wiki, yakaendelea mwezi. Roma iliandikiwa barua. Majibu ya Roma yalifika Wizarani, yakaanza kusomwa, na kwa kuwa Wizara husoma kwa makini, hayakumalizika kusomwa.

Bi Notburga akaanza kwenda Wizarani. Kila Jumatatu alikaa kwenye benchi la ukumbi wa pili, chini ya picha ya Mlezi Mkuu akibusu mtoto. Ombi lake lilikuwa moja: azikiwe kaka yake. Aliambiwa ajaze fomu ya ndugu wa marehemu. Akaijaza. Akaambiwa haiwezi kupokelewa, kwa sababu marehemu ni mtu aliyezikwa, na ambaye hajazikwa ana fomu yake, nayo imekwisha. Wiki nyingine fomu hiyo ikapatikana, lakini ilitaka saini ya mhusika mwenyewe.

Kwenye benchi hilohilo alikuta mwanamke mfupi, mnene, na kifurushi mapajani. Alikuwa mama mzazi wa Padre Kiliani, na jina lake hakuna aliyelikumbuka tena. Wote walimwita Mama Kiliani. Kila Jumatatu alileta shati moja safi, akalitoa dirishani, karani akalipokea. Shati chafu halikurudi hata siku moja. Yeye hakujali. Alisema wakipokea maana yake mtu yupo, na mtu akiwepo lazima abadilishe nguo. Wanawake hao wawili wakazoeana, wakawa wanagawana mkate. Mama Kiliani akimwita mwenzake dada, anamsimulia jinsi Kiliani alivyokuwa mtundu, jinsi alivyowahi kumficha mbuzi sakristia, chumba cha mavazi ya Misa. Bi Notburga naye anamsimulia Ludigeri na viatu vyake. Wakicheka, karani huandika saa waliyocheka.

Mwezi wa saba Mama Kiliani alirudi kutoka dirishani uso unang'aa.

"Dada, leo hawakulipokea. Wamesema yaliyopo yanamtosha."

Bi Notburga alimtazama. Akamkatia mkate, kipande kikubwa, akamwambia ale.

Huku nyuma Mlezi Mkuu alikuwa anakaribia Yubile ya miaka ishirini ya ulezi, na Yubile haikamiliki bila askofu wa kuibariki. Wizara ilikaa vikao siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili Mkurugenzi wa Urithi wa Kiroho, Bwana Eberadi, mtu mwembamba aliyependa sana taratibu, alisimama na kuuliza: katika mapadre wote wa jimbo, ni nani ambaye kwa miezi minane hajatoa neno baya, hajamtembelea mtu mbaya, hajaandika barua wala kuipokea? Wakapekua mafaili yote. Alikuwapo mmoja tu.

Makanoni saba wakapelekewa orodha mpya ya majina matatu, kama mkataba unavyotaka: Ludigeri, Ludigeri, na Ludigeri. Kanoni Wolframu, mkubwa wao, aliuliza kwa sauti ya chini kama waheshimiwa wanafahamu kwamba mgombea amefariki. Akajibiwa kwamba Serikali haiingilii mambo ya afya ya wagombea. Wakapiga kura kwa siri, mbele ya mabwana wawili wenye kikapu cha matunda. Kura sita zikaenda kwa Ludigeri wa kwanza. Moja ikaenda kwa Ludigeri wa tatu, na kanoni aliyeipiga alitakiwa aeleze anapinga nini.

Hivyo ndivyo Ludigeri alivyomrithi Ludigeri, akawa askofu wa arobaini na mbili. Redio ikatangaza kwamba askofu mpya ni mtu wa sala, mkimya, na mwenye kudumisha sera za mtangulizi wake. Wakamtoa barafuni, wakampaka mashavu rangi, wakamvika glovu, wakamkalisha kwenye kiti cha magurudumu. Kila Jumapili baada ya Misa alisukumwa hadi kwenye dirisha la nyumba ya askofu nusu saa, waamini wampungie mkono, kisha akarudishwa chini haraka kabla joto la watu halijamdhuru. Wahenga walisema la kuvunda halina ubani. Wahenga hawakuwa na bajeti ya ubani ya Wizara ile.

Na nani alitakiwa kumsukuma? Bi Notburga, bila shaka, maana ndiye aliyejua kumfunga viatu.

Huo mwezi wa kwanza alilia kila alipomgusa. Mikono ya kaka yake ilikuwa ya baridi kiasi kwamba ilimuuma vidole. Alimwomba radhi kwa sauti, akimwambia nisamehe baba, nisamehe, nilikuahidi. Kisha kilio kikakauka, ikabaki hasira, na hasira ya mwanamke wa miaka themanini na moja asiye na cha kuogopa si kitu cha kuchezea. Jumatatu moja hakukaa kwenye benchi. Aliingia moja kwa moja ofisini kwa Bwana Eberadi, akavuta kiti.

"Bwana Mkurugenzi, askofu wa arobaini na mbili yupo, hayupo?"

"Yupo, bibi. Amechaguliwa kihalali."

"Na wa arobaini na moja?"

Bwana Eberadi akafikiri. "Huyo muda wake umekwisha."

"Basi mrithi amepatikana. Mila inasema mrithi amzike mtangulizi wake. Mkataba wenu, kifungu cha tatu, unasema Serikali italinda mila za jimbo. Niambie lini anazikwa."

Bwana Eberadi alifungua mkataba, akakuta kifungu kipo. Akikataa, ni sawa na kusema hakuna mrithi, na aliyetia saini urithi huo ni Mlezi Mkuu mwenyewe. Akikubali, atazikwa nani, na dirishani atakaa nani? Alimtazama bibi kizee yule kwa chuki ya mtu aliyepigwa kwa fimbo yake mwenyewe. Akamwambia suala lake litafikishwa juu.

Bi Notburga alitoka amenyooka mgongo. Aliwaza hivi: jeneza likishaletwa, kaburi likishachimbwa, mbele ya watu wote, hawatakuwa na la kufanya ila kumtoa Ludigeri kitini na kumlaza. Watatafuta mwingine wa dirishani, wao na dirisha lao. Alimweleza Mama Kiliani mpango wote, na Mama Kiliani akasema atakuja na kitambaa kipya kichwani, kwa heshima ya mzee.

Ruhusa ilishuka baada ya wiki tatu, ina mihuri mitano. Askofu wa arobaini na moja atazikwa Jumamosi saa tano asubuhi. Atazikwa na askofu wa arobaini na mbili, atakayehudhuria akiwa kwenye kiti chake. Jeneza litaletwa na Wizara, likiwa limefungwa.

Bi Notburga alisoma mara mbili. Akaelewa kwamba kaka yake atakuwa pembeni ya kaburi, wala si ndani yake, na ndani watatia mawe. Nchi ile ilikuwa na mawe mengi. Alikaa kwenye ngazi za Wizara mpaka karani akaja kumwomba asiketi hapo.

Jumamosi kanisa kuu lilijaa. Sakafu ilikuwa imefunguliwa upande wa altare, udongo mweusi umerundikwa. Ludigeri aliletwa, kofia kichwani, glovu mikononi, Bi Notburga akimsukuma. Jeneza likaingia na wanajeshi sita. Makanoni waliimba. Pembeni alisimama Bwana Eberadi na kitabu cha taratibu, ambacho alikuwa amekiandaa mwenyewe kwa wiki tatu, akinakili kila hatua kutoka kitabu cha kale cha jimbo bila kuacha nukta, kwa sababu hivyo ndivyo alivyolelewa. Mlezi Mkuu alikuwa ameweka saini kila ukurasa.

Akasoma hatua ya kwanza, ikafanyika. Ya pili, mpaka ya saba. Akafungua ukurasa, akasoma hatua ya nane.

"Jeneza linafunguliwa. Mrithi, akisaidiwa na ndugu, anamvua marehemu pete. Ndugu wa marehemu anaulizwa kama anamtambua."

Alikuwa ameiandika kwa mkono wake na hakuwa ameisoma. Alitazama wanajeshi, wanajeshi wakamtazama. Kuruka hatua iliyotiwa saini na Mlezi Mkuu ni uhaini, kifungu kinajulikana. Kanoni Wolframu, ambaye kwa miezi yote hiyo hakuwa amethubutu kitu, alikohoa na kusema kwa unyenyekevu kwamba hatua ya nane ndiyo hiyo, basi ifuatwe. Bwana Eberadi akapangusa jasho. Akaamuru mfuniko uinuliwe kidogo tu, kiasi cha kupitisha mkono, na asogee ndugu peke yake.

Bi Notburga akasukuma kiti mpaka pale. Akashika mkono wa kaka yake kwa mkono wake wa kushoto, kama taratibu ilivyotaka, akainama achungulie mawe.

Hayakuwa mawe. Serikali ile haipendi kupoteza nafasi. Alikuwa amelala Padre Kiliani, amekonda, mdomo umevimba upande mmoja, ana shati safi ambalo halikufungwa vifungo.

Bi Notburga hakusikia tena wimbo. Alibaki ameinama. Kichwani mambo yalikuja moja moja. Akipiga ukelele sasa hivi, wote watajua. Wanajeshi watafunika, watabeba, watatoka, na mtoto huyu atapelekwa walikopelekwa wale kumi na tisa wa likizo, asionekane milele. Akinyamaza, atalala hapa, chini ya altare, na Misa juu yake. Lakini akinyamaza na kukiri kwamba huyu ni kaka yake, Ludigeri atakuwa amezikwa. Itaandikwa, itapigwa mihuri. Na mtu aliyekwisha kuzikwa hazikwi mara ya pili.

Kanoni Wolframu aliuliza, kama kitabu kilivyotaka: "Bi Notburga, unamtambua?"

Bwana Eberadi alikuwa ameshika kitabu kwa mikono miwili.

Bi Notburga alimtazama kaka yake aliye kitini, rangi ya mashavu imeanza kupasuka kwa baridi. Moyo ulimuuma mpaka akadhani atafia pale, na angependa afie. Akamwambia polepole, yeye peke yake asikie: "Nisamehe, baba." Kisha akainua kichwa.

"Namtambua," akasema. "Ni ndugu yangu. Mzikeni."

Pete ilikuwa tayari kwenye kidole cha Ludigeri, juu ya glovu. Akaichezesha kidogo ili ionekane imevishwa. Akaingiza mkono wake tena jenezani, akafunga vifungo vya shati, vyote vitano, bila kuharakisha. Mfuniko ukarudi. Jeneza likashushwa kwa kamba, na mkono wenye glovu wa askofu wa arobaini na mbili ukaongozwa kutupa udongo wa kwanza. Bwana Eberadi alipumua, akasoma hatua ya kumi.

Hatua ya kumi ilikuwa ya watu wote kupita na kutupa udongo. Walipita kwa mstari, wengine wakitazama chini, wengine wakimtazama askofu aliye kitini na kutazama kwingine haraka. Mama Kiliani alikuja na kitambaa chake kipya. Alichota udongo kidogo kwa ncha za vidole, kwa adabu ya mtu anayezika wa mwenzake, akautupa, akamgeukia Bi Notburga kumpa pole.

Bi Notburga akamvuta kifuani, akamshika kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, mdomo sikioni.

"Chota tena, mwenzangu. Chota kwa mikono miwili. Ni wako huyu. Lia, lakini usilitaje jina, watamtoa."

Mama Kiliani akaanguka juu ya rundo la udongo, na kilio alichotoa mbele ya altare ile hakijasikika tena katika jimbo lile, mimi nawaambia. Hakutaja jina. Aliita "mwanangu, baba yangu, mwanangu," kama wanawake wa huko wanavyowaita maaskofu wao wakifa, na wanawake wengine wakaangua kilio pamoja naye, kila mmoja akilia wake. Karani wa Wizara akaandika kwamba wananchi walimlilia askofu wa arobaini na moja kwa uchungu usio na kifani, jambo linalothibitisha umoja wa taifa. Bwana Eberadi alipandishwa cheo wiki iliyofuata.

Bi Notburga alisubiri mpaka jiwe likawekwa na jina la Ludigeri likiwa juu yake. Kisha akashika kiti cha kaka yake, akamfunga vizuri kamba ya kiatu iliyolegea, akamsukuma kuteremka kwenye chumba cha barafu. Kaka yake alikuwa amekwisha kuzikwa, na hapakuwa tena na ofisi yoyote ya kumwombea.